Boti za Mfereji wa Saen Saep: Bangkok Izitunze au Izistaafishe?

Jioni ya siku ya kazi jijini Bangkok, magari kwenye barabara ya Phetchaburi hujipanga pua kwa mkia hadi macho yanapoishia. Nyuma ya majengo ya barabara hiyo hiyo hupita boti ndefu nyembamba za dizeli, zimebeba makarani, wanafunzi na wauzaji wa madukani wanaorudi nyumbani. Boti hizo hazisubiri taa ya barabarani wala hazikutani na foleni, na nauli yake haifiki hata nusu ya ile ya safari ndefu ya treni ya juu. Njia yake ni mfereji wa Saen Saep, wenye umri wa karibu karne mbili.

Pamoja na hayo, kila boti hizi zinapotajwa mazungumzo huchanganyika. Vitabu vya watalii huzieleza kama mchezo wa kusisimua, na ramani nyingi za treni za jiji hazizioneshi kabisa. Wakazi wa kingoni hulalamikia harufu na kelele. Tangu ujenzi wa njia mpya ya treni ya chini ya ardhi uanze karibu na mkondo ule ule, limezuka swali jingine: treni ikifika, boti zitabaki na kazi gani? Nje ya Thailand mkanganyiko umegeuka ahadi. Viongozi wa miji yenye mito na mifereji huitazama Bangkok, kisha huwaambia wananchi kwamba foleni itaisha kwa kuweka boti majini.

Mambo manne yamefungwa katika furushi moja hapa: usafiri, utalii, usafi wa maji na mafuriko. Uchambuzi huu unalifungua furushi hilo, unapima hoja za kila upande, kisha unatoa uamuzi.

Mji uliozaliwa majini

Mfalme Rama I alipohamishia mji mkuu ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya mwaka 1782, alijenga juu ya tope la delta. Ardhi ilikuwa tambarare na chini, nyingi ikiwa mita moja au mbili tu juu ya usawa wa bahari. Katika nchi ya namna hiyo barabara huzama na mfereji hufanya kazi. Mifereji ilizunguka mji kama ngome, ikapeleka maji mashambani, ikasafirisha watu na mazao, na ikapokea maji ya mvua.

Saen Saep ulichimbwa kwa ajili ya vita. Siam, kama Thailand ilivyoitwa wakati huo, na Vietnam ziligombania Kambodia, na Mfalme Rama III alihitaji njia ya kupeleka askari na silaha mashariki kwa haraka. Kazi ilianza mwaka 1837, ikakamilika 1840, na mfereji ukaunganisha mji mkuu na mto Bang Pakong. Wamalay Waislamu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Patani, kusini, walipewa makazi kando yake, ndiyo maana hadi leo misikiti imejipanga kingoni. Karibu na katikati ya jiji kuna mtaa wa Ban Khrua, uliokaliwa na Wacham Waislamu, ambao ufumaji wao wa hariri ulijulikana duniani kupitia mfanyabiashara Mmarekani Jim Thompson. Nyumba yake, ambayo sasa ni makumbusho, inatazamana na mtaa huo, mfereji ukiwa katikati.

Mkataba wa Bowring wa mwaka 1855 kati ya Siam na Uingereza ulifungua biashara ya mchele, na mifereji mingine ikachimbwa kufungua mashamba mapya. Lakini zama hizo hizo zilileta mshindani wa mfereji. Barabara ya Charoen Krung, iliyojengwa kati ya 1861 na 1864 baada ya makonsuli wa nchi za Magharibi kuomba njia ya kupitisha magari ya farasi, ilianzisha mwelekeo mpya. Katika karne ya 20, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, mifereji mingi ya katikati ya mji ilifukiwa au kubanwa ili barabara zipanuliwe. Rama IV na Silom, barabara mbili maarufu za leo, zilipanuliwa juu ya mifereji iliyokuwa ikipita kandokando yake.

Kwa nini foleni ilifufua boti

Wengi husema foleni ya Bangkok inatokana na wingi wa magari. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine imo katika umbo la ardhi. Mashamba ya mpunga yalikatwa vipande virefu vyembamba ili kila mkulima afikie maji ya mfereji. Mji ulipoenea juu ya mashamba hayo, mipaka ya vipande ikageuka vichochoro, viitwavyo soi. Vingi ni virefu na vimeziba upande wa pili. Anayeishi ndani ya soi hana budi kutokea barabara kuu moja ile ile, pamoja na jirani wa soi ya kushoto na wa soi ya kulia. Magari ya mtaa mzima humwagwa kwenye njia chache, nazo huziba.

Kadiri barabara zilivyoziba, mfereji ambao haukufukiwa uliendelea kuwa wazi. Mwaka 1990, wakati Bangkok haikuwa na treni ya juu wala ya chini ya ardhi, kampuni binafsi ilianzisha boti za abiria katika Saen Saep. Treni ya juu ya BTS ilikuja Desemba 1999, na ya chini ya ardhi, MRT, mwaka 2004. Kwa karibu muongo mzima wa foleni iliyosifika vibaya duniani, mfereji huo ndio uliokuwa njia ya haraka ya kuingia katikati ya jiji kutoka mashariki.

Njia ya boti ina urefu wa kilomita 18 hivi, kutoka gati la Phan Fa, karibu na mji wa kale, hadi Wat Sriboonruang katika wilaya ya Bang Kapi. Katikati kuna Pratunam, ambapo kila anayeendelea hubadilisha boti. Sababu ni madaraja: upande wa magharibi yako chini mno, hivyo boti za huko zina mapaa yanayoshushwa zinapopita chini yake. Makondakta huvaa kofia ngumu na kutembea ukingoni mwa boti kwa nje wakikusanya nauli. Abiria walioketi pembeni huvuta kamba kuinua turubai maji yanaporuka. Boti ikigusa gati, watu hushuka na kupanda kwa sekunde chache, kisha inaondoka.

Kabla ya janga la Uviko-19, boti hizi zilikadiriwa kubeba zaidi ya watu 40,000 kwa siku ya kazi. Watalii hawawezi kuzalisha idadi hiyo siku baada ya siku. Hao ni watu wa kazi na shule.

Hoja ya kwanza: boti ni dawa ya foleni

Watetezi wa boti huanza na muda, na hapo wana nguvu. Safari nzima ya kilomita 18 huchukua takriban saa moja, na muda huo haubadiliki sana kati ya mchana mtulivu na jioni ya msongamano. Basi la barabarani haliwezi kutoa ahadi hiyo. Mfanyakazi anayekatwa mshahara akichelewa huthamini uhakika wa muda kuliko kasi yenyewe, na uhakika ndio bidhaa kubwa ya boti.

Jambo lao la pili ni gharama. Njia ipo tayari. Hakuna fidia ya nyumba za kubomoa, hakuna nguzo za zege wala handaki. Gati dogo hujengwa kwa sehemu ndogo sana ya gharama ya kituo cha treni. Nauli huzunguka baht 20 au chini yake, ilhali safari ndefu ya BTS hugharimu zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ramkhamhaeng au mpishi wa mgahawa wa Pratunam, tofauti hiyo kwa mwezi ni fedha ya kuhesabika.

Tatu, mfereji unapita mahali panapotafutwa na watu. Gati la Hua Chang liko mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha BTS cha Ratchathewi na maduka makubwa ya Siam. Gati la Asok liko jirani na kituo cha MRT cha Phetchaburi na treni ya uwanja wa ndege. Prasanmit hufungukia Chuo Kikuu cha Srinakharinwirot. Mbele zaidi, huko Bang Kapi, kuna soko, maduka na njia ya treni ya Manjano iliyofunguliwa mwaka 2023.

Udhaifu wa hoja hii uko katika neno "dawa". Tuchukue boti ya abiria 100 inayopita kila dakika 5: itabeba watu 1,200 kwa saa kwa upande mmoja. Hata idadi hiyo ikiongezwa mara tatu, haikaribii treni ya chini ya ardhi, ambayo mabehewa yake ya safari moja hubeba mamia kwa mamia. Boti inaweza kuwaokoa maelfu kutoka foleni, lakini haiwezi kuiondoa foleni ya jiji lenye zaidi ya watu milioni 10 pamoja na viunga vyake. Tena faida yake huwafikia waishio au wafanyao kazi karibu na maji. Aliye kilomita 3 ndani ya soi hulazimika kupanda kwanza pikipiki ya abiria, na nauli ya pikipiki hiyo inaweza kuizidi ya boti. Kwa kuwa huduma husimama mapema usiku, wahudumu wa hoteli, walinzi na wauguzi wa zamu hawamo kabisa katika hesabu yake.

Hoja ya pili: wakati wake umepita

Upande wa pili una watu wenye sababu nzito pia. Wanaanza na usalama. Machi 2016 boti iliyokuwa ikitumia gesi asilia ililipuka katika gati la Wat Thep Leela na kujeruhi zaidi ya watu 50. Baada ya ajali hiyo boti za gesi ziliondolewa, na dizeli ikabaki. Tukio lilionesha jinsi jaribio la kupunguza moshi na gharama ya mafuta linavyoweza kuwageukia abiria pale ukaguzi unapolegea.

Hata siku isiyo na ajali, kupanda boti hizi kunadai miguu imara. Ukingo wa boti huinuka na kushuka, kamba ni ya kushika kwa mkono, na nahodha ana sekunde chache tu za kusimama. Mzee, mjamzito au mzazi mwenye mtoto mgongoni hupanda kwa wasiwasi. Anayetumia kiti cha magurudumu hapandi kabisa. Huduma ya umma inayomwacha mtu huyo gatini haijakamilika, hata kama ni ya haraka kiasi gani.

Kisha kuna maji yenyewe. Saen Saep hupokea majitaka ya nyumba, masoko, hoteli na viwanda vidogo. Mitambo ya jiji ya kusafisha majitaka haijawahi kutosha kwa kiasi kinachozalishwa, kwa hiyo sehemu kubwa huishia mferejini. Rangi ya maji ni nyeusi, na harufu huwa kali wakati wa kiangazi. Mwaka 2021 baraza la mawaziri la Thailand liliidhinisha mpango wa miaka 11 wa kuufufua mfereji huo, wenye bajeti ya zaidi ya baht bilioni 80. Ukubwa wa bajeti unatosha kueleza ukubwa wa tatizo.

Hoja yao kubwa zaidi ni treni. Njia ya Machungwa ya MRT, yenye kilomita karibu 36, itaunganisha Min Buri upande wa mashariki na Bang Khun Non ng'ambo ya mto. Itapita chini ya Ramkhamhaeng, kisha Pratunam na Ratchathewi hadi eneo la mnara wa Demokrasia. Mkataba wa kujenga sehemu ya magharibi na kuendesha njia nzima ulisainiwa Julai 2024. Mtu akiweka ramani hiyo juu ya ramani ya boti, ataona mikondo miwili inayofuatana kwa karibu. Treni itakuwa na kiyoyozi na lifti, na itaendelea hadi usiku. Kwa nini basi abiria aendelee kurushiwa maji machafu usoni?

Jibu linaanzia kwenye nauli na umbali. Vituo vya treni ya chini ya ardhi huwa mbali zaidi kimoja na kingine kuliko magati, na kushuka hadi jukwaani kisha kupanda tena hula dakika. Kwa safari fupi, kama Asok hadi Pratunam, boti inaweza kuendelea kushinda. Wasomaji wa Dar es Salaam wana mfano wa karibu: Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini pantoni ya Magogoni haikukosa abiria, kwa sababu daraja na pantoni haviwafikishi watu mahali pamoja. Njia mpya hupunguza abiria wa zamani. Si lazima iwamalize.

Hata hivyo, watetezi wa boti wasijidanganye. Serikali ya Thailand ilishusha nauli ya njia mbili za treni, ya Zambarau na Nyekundu, hadi ukomo wa baht 20 mwezi Oktoba 2023. Njia ya Machungwa ikipewa ruzuku ya namna hiyo, boti itapoteza silaha yake kubwa, yaani urahisi wa bei.

Hoja ya tatu: mfereji ni bomba la mvua kwanza

Upande wa tatu husikika kidogo katika mijadala ya usafiri, nao ni wa wahandisi wa maji. Kwao Saen Saep ni kiungo cha mfumo wa kutoa mafuriko, na boti ni mgeni anayeruhusiwa kupita.

Bangkok imo hatarini pande tatu: mvua za masika ya Asia, maji yanayoshuka kutoka kaskazini, na bahari inayosukuma mto wakati wa kujaa. Uvutaji wa maji ya visima katika karne iliyopita ulididimiza ardhi, na kufukiwa kwa mifereji kulipunguza mahali pa maji kukaa. Mafuriko ya mwaka 2011, ambayo hasara na uharibifu wake kwa nchi nzima Benki ya Dunia iliukadiria kuwa zaidi ya dola bilioni 46, yaliwakumbusha wote kwamba mfereji ni kinga ya mji.

Mgongano na usafiri unatokea katika kina cha maji. Mhandisi anayeona wingu zito hutaka mfereji ushushwe ili upate nafasi ya kupokea mvua. Boti nayo inataka kina kisichobadilika. Maji yakishuka mno, rafadha hugusa tope. Yakipanda mno, boti hazipiti chini ya madaraja na huduma husimama. Malango ya maji yanayolinda mitaa huukata mfereji vipande, kwa hiyo boti haziwezi kuungana kwa uhuru na mto Chao Phraya au na mifereji ya jirani. Kwenye ramani Bangkok inaonekana kuwa na mtandao mkubwa wa njia za maji. Kwa nahodha, ni vyumba vilivyofungwa milango.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba maisha na mali hutangulia ratiba. Udhaifu wake ni kuufanya mfereji usiopitwa na mtu uonekane salama zaidi. Historia ya Bangkok inaonesha kinyume. Mfereji ulioacha kutumiwa na wasafiri ulikosa watetezi. Ukajaa taka, ukavamiwa na majengo, mwisho ukafukiwa. Boti zinazopita kila siku hulazimisha tope lichimbwe na taka ziondolewe, na kazi hizo hizo ndizo zinazofungua njia ya mvua.

Majirani wanafundisha nini

Bangkok yenyewe ina jaribio la kulinganisha. Mnamo Novemba 2020 jiji lilizindua boti za umeme katika mfereji wa Phadung Krung Kasem, uliochimbwa katika miaka ya 1850. Boti zilikuwa kimya, hazina moshi, na usafiri ulikuwa bure. Lakini njia ina kilomita 5 tu, na upande mmoja huishia stesheni ya Hua Lamphong, ambayo Januari 2023 ilipoteza treni nyingi za masafa marefu zilizohamia stesheni mpya ya kaskazini mwa jiji. Boti za kisasa ziliwekwa mahali ambapo mahitaji ya safari ni madogo. Saen Saep una boti kuukuu mahali ambapo mahitaji ni makubwa, nazo ndizo zinazojaa.

Jakarta inatoa onyo kali zaidi. Mwaka 2007 gavana Sutiyoso alizindua boti za abiria katika mfereji wa mafuriko wa magharibi, akitumaini kuwapunguzia watu foleni. Kipande kilichofunguliwa kilikuwa kifupi, maji yalipungua kiangazi, na taka zikanasa kwenye rafadha. Huduma haikudumu. Mfereji ulikuwapo, boti zilikuwapo, lakini maji hayakuwa tayari.

Kochi, katika jimbo la Kerala nchini India, ilifuata njia tofauti. Huduma yake ya Water Metro ilianza Aprili 2023 ikiwa na boti za umeme zilizojengwa na kiwanda cha meli cha mji huo huo, kwa msaada wa mkopo wa benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Magati yanaelea, yakipanda na kushuka pamoja na maji, hivyo sakafu ya gati na ya boti hubaki sawa na kiti cha magurudumu huingia. Tiketi imeunganishwa na treni ya jiji. Mpango kamili ni boti 78 na vituo 38 vinavyofikia visiwa 10. Lakini Kochi ina rasi pana na visiwa ambavyo wakazi wake walihitaji boti tangu zamani. Mazingira hayo hayanunuliwi kwa mkopo.

Venice hutajwa kila mara, na mara nyingi kwa makosa. Mji wa kale wa Venice una wakazi chini ya 50,000 na hauna barabara za magari ndani yake. Boti zake hazishindani na basi wala treni. Somo lake la kweli ni mawimbi: msukosuko wa boti za injini umekuwa ukila misingi ya majengo, na udhibiti wa mwendo umekuwa vita ya miaka mingi. Nyumba za kingoni mwa Saen Saep zinaijua adha hiyo.

Kupima hoja

Mifano hii ikiwekwa pamoja, yanajitokeza masharti manne. Mfereji upite kati ya makazi na mahali pa kazi. Maji yawe na kina cha kuaminika mwaka mzima. Magati yaungane na treni au basi bila mwendo mrefu. Na barabara iliyo sambamba iwe imeziba kiasi cha kumfanya mtu akubali usumbufu wa majini. Saen Saep unatimiza la kwanza na la nne kikamilifu, la tatu kwa kiasi, na la pili kwa kubahatisha. Phadung Krung Kasem unapungukiwa la kwanza. Jakarta ilikosa la pili. Hayo yanaeleza kushinda na kushindwa vizuri kuliko aina ya injini au uzuri wa boti.

Masharti hayo hayaondoi uchungu wa kuchagua, kwa sababu kila uboreshaji una bei yake.

Mwendo kasi huwavuta abiria, lakini huinua mawimbi yanayobomoa kingo na kurusha maji machafu. Kupunguza mwendo huwapa nafuu wakazi na huwaongezea wasafiri dakika. Gati linalofaa kwa kiti cha magurudumu hudai boti isimame imara kwa muda mrefu zaidi. Safari yenye magati zaidi ya ishirini italipa kila sekunde inayoongezwa. Injini ya umeme huondoa moshi na kelele, lakini betri ni nzito na huizamisha boti zaidi katika mfereji wenye kina kifupi, huku madaraja yakizuia kuinua paa.

Suala la nani alipe ndilo gumu kuliko yote. Boti za Saen Saep huendeshwa na kampuni binafsi kwa nauli za abiria, na mamlaka ya usafiri wa majini ndiyo inayodhibiti nauli hizo. Jiji husimamia malango ya maji na uondoaji wa tope. Wizara ya Uchukuzi hushughulikia treni nyingi. Kila mmoja anashika kipande, na hakuna anayeshika safari nzima ya abiria. Kampuni iliyobanwa na nauli ndogo haina mtaji wa kununua boti mpya, na serikali inayotumia mabilioni kwa treni huiona boti kama biashara ya mtu. Matokeo yake ni boti za dizeli zinazoendelea miaka 30 na zaidi baada ya kuanza, na abiria wanaonunua tiketi mpya kila wanapovuka kutoka maji kwenda reli.

Hapo ndipo hoja za pande tatu zinapokutana. Anayetaka boti zibaki anahitaji maji safi. Anayehofia mafuriko anahitaji mfereji usio na tope. Anayejenga treni anahitaji njia nafuu ya kuwaleta abiria kituoni. Fedha za mpango wa kufufua mfereji zinaweza kuwatumikia wote watatu, iwapo huduma ya boti itaandikwa ndani ya mpango huo kama kazi ya umma.

Kwa muhtasari

Boti za Saen Saep zilifanikiwa kwa sababu nne zilizokutana: mfereji ulionusurika kufukiwa, mji ulioenea kufuata mkondo wake, barabara zilizoziba kwa umbo la soi, na miaka tisa ya mwanzo bila treni ya kushindana nazo. Nguvu yake ni uhakika wa muda na nauli ndogo. Udhaifu wake ni uwezo mdogo, usalama wa kupanda, uchafu wa maji na kuwatenga wasioweza kuruka kutoka gatini. Treni ya Machungwa itachukua sehemu ya abiria wake wa safari ndefu, lakini haitaziba nafasi yote ya safari fupi za katikati ya jiji.

Kwa hiyo uamuzi unaoungwa mkono na ushahidi ni kuzitunza boti na kuzibadilishia kazi. Zisishindanishwe na treni. Ziwe mshipa wake. Bangkok inapaswa kufanya mambo matatu kabla njia mpya haijafunguliwa: kuunganisha tiketi ya boti na ya reli, kujenga magati yanayoelea katika vituo vikubwa vya kubadilishia kama Pratunam na Asok, na kuipa huduma hiyo ruzuku yenye masharti ya usalama na boti zisizo na moshi.

Kwa miji mingine inayovutiwa na mfano huu, ushauri ni kupima kabla ya kuzindua. Wapangaji wachore safari za wananchi wao juu ya ramani ya mifereji, wapime kina cha maji kiangazi na masika, na wajue majitaka yanaingia wapi. Mji ambao safari hizo hazifuati mkondo wa maji utumie fedha zake kwenye mabasi.